Nimeombwa nijitolee kujaribiwa MRI mpya ya ini, nikubali au nikatae?

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 47, nina ugonjwa wa ini, daktari anasema kuna mafuta na makovu yameshaanza. Kila baada ya miezi kadhaa napigwa MRI. Mara ya mwisho kuna kijana wa utafiti alinifuata akaniomba nibaki kwenye mashine dakika 20 zaidi ili wajaribu njia mpya ya kupiga picha ambayo mtu anapumua kawaida tu bila kubana pumzi, eti kompyuta ndo inapanga mambo. Kanipa fomu ya kurasa 9 nikaisome nyumbani. Kiukweli naogopa. Mbona wasijaribu kwa watu wazima wenye afya zao? Itanisaidia mimi au nafanywa panya wa maabara? Na mi huwa nashindwa kubana pumzi, si nitawaharibia utafiti wao?"

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa kuumwa.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ukilielewa hilo mengine yatakuwa mepesi. Hutaharibu chochote. Wewe ambaye huwezi kubana pumzi ndo mtu wanayemtafuta, hiyo njia imetengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe, na kama haifanyi kazi kwa mtu anayehema kama wewe basi haina faida hata kama inatoa picha safi kiasi gani kwa kijana wa miaka 25 anayecheza mpira kila jioni.

Mimi sio daktari wa kutibu, ni mwanafizikia wa hospitali, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa hizi sikwensi, yaani ule mpangilio wa amri ambazo mashine ya MRI inafuata, lini itume wimbi la redio, lini ibadilishe uga wa sumaku, lini isikilize. Watu wakisikia "njia mpya ya MRI" wanafikiri kuna mashine ngeni imeletwa, wakati mara nyingi mashine ni ileile uliyoizoea, kilichobadilika ni hiyo sikwensi na programu inayojenga picha. Nimekaa nyuma ya kile kioo na wagonjwa wengi wa kujitolea, na neno nililolisikia kwenye spika kuliko lolote ni "samahani, nimetikisika." Wanatoka kwenye mashine wanaomba radhi. Inaniuma kila mara, kwa sababu maana yake hatukuwaeleza vizuri kabla hawajaingia.

Ngoja nikueleze kinachofanyika humo ndani ili uone kupumua kunaingilia wapi. Mwili wako umejaa maji na mafuta, na vyote vina haidrojeni kwa wingi. Kiini cha haidrojeni, kile kinaitwa protoni, kina tabia ya kisumaku kidogo. Ukiingia kwenye mashine ya tesla 1.5, ambayo nguvu yake ni kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia, hizo protoni zinayumba kama pia ya watoto inavyoyumba ikizunguka, karibu mara milioni 64 kwa sekunde, na kwenye mashine ya tesla 3 ni karibu milioni 128. Mashine inatuma wimbi la redio la kasi hiyohiyo, protoni zinalipokea, zikishalipokea zinarudisha ishara yao hafifu, na ile koili, yaani antena uliyowekewa juu ya tumbo, ndo inaisikiliza. Sasa picha haipigwi mara moja kama ya simu, inakusanywa kidogokidogo, mstari baada ya mstari, na kompyuta inasubiri mistari yote ifike ndipo ijenge picha. Ndo maana unaambiwa "vuta pumzi, toa, bana" kwa sekunde 15 au 20. Ini limekaa chini ya kiwambo cha kupumulia, kwa hiyo hata ukipumua kwa utulivu tu linapanda na kushuka sentimita moja, mbili. Mstari mmoja umechukuliwa ini likiwa juu, mwingine likiwa chini, kompyuta haijui, inaunganisha hivyohivyo na matokeo yake ni vivuli vya ngozi ya tumbo vinavyojirudia juu ya ini kama mawimbi. Daktari akitafuta uvimbe wa sentimita moja hapo, hauoni.

Hiyo njia waliyokuambia, kwa maelezo uliyonipa, inaelekea ni ya familia ya sikwensi zinazokusanya data kama spoku za gurudumu la baiskeli. Kila mstari unapita katikati, na kila unaofuata unageuzwa kwa nyuzi fulani, wengi tunatumia nyuzi 111.25 kwa sababu ukigeuza hivyo spoku hazijirudii na popote utakapokatiza zimejaza duara kwa usawa. Faida yake ni kwamba ile katikati inapitiwa kila mara, kwa hiyo inabeba habari ya kupumua kwako, kompyuta inaweza kusema spoku hizi zilichukuliwa ametoa pumzi, hizi amevuta nusu, hizi amevuta kabisa, ikazitenga kwenye makundi na kujenga picha ya kila kundi. Ila ukizigawa hivyo kila kundi linabaki na spoku chache, pungufu ya zinazohitajika kihesabu, na hapo ndo inaingia hesabu ya kujenga picha kutoka kwenye data pungufu, ambayo kwenye MRI ilishika kasi baada ya makala ya mwaka 2007 ya Michael Lustig, David Donoho na John Pauly. Siku hizi wengi wanaongezea akili bandia, kompyuta iliyofundishwa kwa maelfu ya picha kubashiri kilichokosekana.

Neno hilo kubashiri ndo jibu la kwanza la mbona wasijaribu kwa watu wenye afya.

Na wanajaribu kwanza kwa watu wenye afya, usidhani wewe ndo wa kwanza. Sikwensi inaanza kwenye kompyuta, kisha inaenda kwenye fantomu, hii ni chupa au tangi dogo lenye maji yaliyotiwa chumvi za madini kidogo, au jeli, ambalo tunajua kabisa ndani kuna nini, kwa hiyo picha ikidanganya tunaiona. Baada ya hapo ni sisi wenyewe na wenzetu wa idarani, halafu watu wa kujitolea wenye afya. Mpaka inafika kwako imeshapitia watu, imeshapitia kamati ya maadili, na mashine yenyewe ina mipaka yake ambayo sikwensi mpya haiwezi kuivuka hata tukitaka.

Lakini kompyuta iliyojifunza kwenye maini yenye afya imezoea ini laini, la rangi moja. Ikikutana na kidoa kidogo kwenye data pungufu, inaweza kukichukulia kama kelele, yaani ishara za ovyo zisizo na maana, na kukilainisha kikapotea, na picha ikatoka safi ya kupendeza. Hili sio jambo la kufikirika, mwaka 2020 kulichapishwa utafiti kwenye jarida la kisayansi la PNAS ulioonyesha kwamba baadhi ya mifumo ya aina hii inaweza kushindwa kuonyesha mabadiliko madogo kama uvimbe, na saa ingine mabadiliko madogo mno kwenye data yanaleta vitu visivyokuwepo kwenye picha. Picha mbovu yenye vivuli daktari anaijua ni mbovu, anaomba irudiwe. Picha safi iliyofuta uvimbe hakuna anayeishtukia. Mimi hiki ndo kitu kinachoninyima usingizi kwenye kazi hii, na sijui njia ya kukigundua isipokuwa kumpata mtu ambaye tayari ini lake lina kitu, kumpiga kwa njia ya zamani na mpya siku hiyohiyo, na kuangalia kama kile kitu kipo kwenye zote mbili.

Kuna na mengine ambayo mtu mwenye afya hana. Chuma, kwa mfano. Magonjwa kadhaa ya ini yanafanya madini ya chuma yajikusanye humo, na chuma kinavuruga uga wa sumaku kwenye eneo lake. Kwenye tesla 1.5 ishara ya ini la kawaida inadumu milisekunde zaidi ya 20, lakini ini lenye chuma kingi sana inaweza kuisha ndani ya milisekunde 1 au 2, yaani mashine inaanza kusikiliza wakati ishara imeshakata. Sikwensi uliyoipima kwa wanafunzi 30 wenye afya na ikafanya vizuri, unamweka mgonjwa wa kwanza mwenye chuma, ini linatoka jeusi kama shimo. Maji tumboni nayo ni hivyohivyo. Kwenye tesla 3 urefu wa lile wimbi la redio ndani ya mwili unakuwa kama sentimita 26, karibu na upana wa tumbo lenyewe, na tumbo likijaa maji mawimbi yanagongana na kufutana katikati, picha inakuwa na giza kubwa sehemu unayoitaka. Namkumbuka mzee mmoja, tumbo limejaa, alivumilia dakika 25 kwa ajili yetu na tukapata picha ambayo nusu yake ilikuwa giza tupu. Alipotoka akauliza imetokaje, nikamwambia ukweli, imetoka vibaya na kwa sababu hiyo tumejua jambo ambalo wiki zote za fantomu hazikutuambia. Tulirudi tukabadilisha namna tunavyotuma wimbi. Picha yake ile mbovu niliitumia kufundishia wenzangu kwa muda mrefu, bila jina lake bila shaka.

Na kupumua sasa. Mtu mwenye afya ukimwambia apumue kawaida anapumua kama saa ya ukutani. Mgonjwa anayeumwa, ana wasiwasi, tumbo linabana, anapumua mara fupi mara ndefu, anakohoa, anashtuka akipata usingizi. Ile programu ya kutenga spoku kwenye makundi ikikutana na pumzi ya namna hiyo ndo tunajua kama inajua kazi au ilikuwa inabahatisha.

Historia ya MRI yenyewe ilienda hivyo na mimi huwa napenda kuwasimulia wagonjwa. Tarehe 3 Julai 1977 Raymond Damadian, mtafiti wa Marekani, na vijana wake wawili, baada ya Damadian mwenyewe kujaribu kuingia na ishara ikakataa kupatikana, walimweka mmoja wa vijana hao, mzima wa afya, akakaa karibu saa 5 kupata picha moja ya kifua yenye ukungu. Mwaka uliofuata huko Nottingham, Uingereza, mwanafizikia Peter Mansfield aliingia mwenyewe kwenye mashine aliyoijenga, ingawa kulikuwa na onyo kwamba kubadilisha sumaku kwa kasi kungeweza kuvuruga moyo. Hao walionyesha kwamba mwili wa binadamu unaweza kupigwa picha. Lakini kwamba picha hiyo inamfaa daktari kwa kitu chochote, hilo lilikuja tarehe 28 Agosti 1980 kule Aberdeen, Scotland, timu ya John Mallard ilipomweka mgonjwa halisi, mwanaume mwenye saratani, na picha zikaonyesha uvimbe kifuani, ini lisilo la kawaida, na saratani iliyofika kwenye mifupa. Alikuwa mgonjwa, na ini lilikuwemo. Mbinu ya kukusanya data waliyoitumia siku ile ndo msingi wa sehemu kubwa ya MRI unazopigwa wewe leo.

Sasa, itakusaidia wewe? Hapa nataka nikwambie bila kuzunguka, maana hapa ndo watu wanaumizwa, sio na mashine bali na matumaini. Kuna uwezekano mkubwa kwamba haitakusaidia chochote. Zile dakika 20 sio matibabu na sio kipimo chako, ni mchango wako. Wagonjwa wengi wakiombwa na mtu aliyevaa koti jeupe wanaamini moja kwa moja kwamba kuna faida yao humo, wataalamu wa maadili waliliona hili na kulipatia jina tangu mwaka 1982, na mpaka leo halijaisha hata fomu ikiandikwa vizuri. Kwa hiyo uliza wazi: picha yangu ya kawaida itapigwa kwanza na kukamilika? Nikikataa, huduma yangu inabaki vilevile? Majibu yote mawili lazima yawe ndiyo. Ukisikia kusitasita kwenye la pili, usisaini.

Hilo la panya wa maabara silipuuzi, usinielewe vibaya. Woga wako una sababu. Kule Marekani, Tuskegee, kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili watafiti waangalie ugonjwa unavyokwenda, hata baada ya penisilini kupatikana, na hawakuambiwa ukweli. Wakati huohuo Kanuni za Nuremberg za 1947 zilikuwa tayari zinasema ridhaa ya hiari ni lazima, na Azimio la Helsinki la 1964 likaja kuweka wazi wajibu wa madaktari kwenye utafiti. Zile kurasa 9 mkononi mwako zimetokana na mateso ya watu, kwa hiyo zisome, na usiposhika kitu rudi nao wakueleze mpaka uelewe, hiyo ni haki yako na huwasumbui. Na unaweza kusaini leo, ukabadili mawazo ukiwa umeshalala mezani, ukatoka, na hulazimiki kumweleza yeyote kwanini.

Kuhusu hatari. MRI haina mionzi ile ya eksirei na CT, hilo unalijua. Ila sio kwamba haina kitu. Kimojawapo cha vinavyoweza kuua kwenye MRI ni chuma kinachoruka, mwaka 2001 huko Marekani mtoto wa miaka 6 alifariki kwa sababu mtungi wa oksijeni uliingizwa chumbani ukavutwa na sumaku akiwa ndani. Kwa hiyo watakuuliza tena yale maswali ya vyuma, kifaa cha moyo, klipu za upasuaji kichwani, kipande cha chuma kilichowahi kuingia jichoni, na hata kama ulishayajibu asubuhi jibu tena kwa ukamilifu. Usiseme si nimeshasema.

Joto je? Lile wimbi la redio linapasha mwili joto kidogo, na mipaka ya kimataifa kwa matumizi ya kawaida ni wati 2 kwa kila kilo ya uzito wako kwa mwili mzima, na wati 4 kwa hali ambayo inahitaji mtaalamu akuangalie kwa karibu zaidi. Mashine inapiga hesabu hiyo kwa kutumia uzito ulioutaja. Kwa hiyo dada yangu taja uzito wa kweli, na kama hujapima siku nyingi omba upimwe, hasa kama maji tumboni yanaongezeka na kupungua. Usishikanishe mikono wala kukunja miguu ikagusana ngozi kwa ngozi, mwili unaweza kufanya duara la umeme pale panapogusana na ukaungua, wafanyakazi wanaweka vitambaa au mito katikati, kikihama sema. Nguo za michezo zenye nyuzi za madini zivue hata kama nyuzi hizo hazionekani. Ukihisi sehemu moja inachoma, sio joto la jumla bali pale tu, bonyeza kipira cha kuwaita wahudumu hapohapo.

Kelele unaijua, inaweza kupita desibeli 100, kwa hiyo viziba masikio viwe vimeingia vizuri na hedifoni juu yake. Sikwensi mpya inaweza kuwa na mlio usiouzoea, mwingine kama king'ora, mwingine kama mashine ya kutobolea, waombe wakuambie kabla. Na kama sikwensi inabadilisha sumaku kwa kasi sana unaweza kuhisi misuli inacheza mgongoni au mbavuni. Haiumizi kwa kawaida lakini inashtua, na mtu aliyeambiwa mapema hashtuki.

Swali kubwa kuliko yote hayo kwangu ni hili: je, watakuchoma dawa ya kung'arisha picha kwa ajili ya utafiti tu? Nyingi za dawa hizo zina gadolini. Mwaka 2006 ndo ilianza kuonekana uhusiano kati ya baadhi ya aina zake na ugonjwa mbaya wa ngozi kukakamaa kwa watu ambao figo zao zimechoka sana, na mwaka 2014 watafiti wa Japani wakaonyesha dalili kwamba kiasi kidogo kinabaki kwenye ubongo hata kwa wengine. Aina za siku hizi ni salama zaidi sana, na mwaka 2017 Ulaya ilisimamisha kadhaa za zamani ikabakiza mbili zake kwa kazi ya ini tu. Kama daktari wako tayari ameagiza dawa hiyo kwa kipimo chako na utafiti unatumia dozi hiyohiyo, mimi sina shida. Kama utafiti unataka dozi ya ziada ambayo matibabu yako hayaihitaji, hapo ningetaka sababu nzito sana, na vipimo vya figo vya karibuni mezani, na ukikataa sehemu hiyo tu ukakubali nyingine ni sawa kabisa.

Uliza pia kama ni sikwensi tu au kuna kifaa kipya, kwa mfano koili mpya au ile ngoma ya plastiki inayowekwa mbavuni kutetemesha ini mara 60 kwa sekunde kupima ugumu wake. Ile ngoma imeshatumika kwa miaka mingi na haina tatizo, inatikisa tu. Koili iliyojengwa maabara yenyewe ni habari nyingine, lazima iwe imepimwa joto kwenye fantomu na wakuonyeshe nani aliidhinisha.

Kitu kingine ambacho watu hawakifikirii mpaka kimewafika: wakiona kitu? Kwa ubongo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009 uliokusanya tafiti nyingi ulipata kwamba kwa watu wasio na dalili yoyote karibu mmoja kati ya 37 alikutwa na jambo ambalo halikutarajiwa. Tumboni nako hupatikana vitu, vifuko vya maji kwenye figo, uvimbe usio na madhara, na mara chache kitu cha kweli. Wanaotazama picha za utafiti mara nyingi ni watu kama mimi, sio madaktari wa rediolojia, sisi tunatazama vivuli na kelele, hatutafuti ugonjwa. Kwa hiyo kwenye fomu tafuta sehemu inayosema nani ataangalia, na kama kitu kikionekana utaambiwa na nani, kwa njia gani. Amua mapema kama unataka kuambiwa. Kwa kuwa wewe tayari una daktari wa ini, mi ningeandika aambiwe yeye ili akuite akiwa na faili lako lote mbele.

Kuhusu jina lako na picha zako, jina na tarehe ya kuzaliwa vinatolewa na kuwekwa namba. Kwa wanaopigwa kichwa kuna kazi ya ziada ya kufuta uso kwa sababu sura ya mtu inaweza kujengwa tena kutoka kwenye picha, kwako wewe wa ini hilo halipo. Uliza tu kama picha zitatumika kufundisha akili bandia ya kampuni, maana hiyo ni ridhaa tofauti na inapaswa kuwa na kisanduku chake cha kuweka alama.

Wanaweza pia kukuomba ushuke mezani, utembee kidogo, ulale tena, wapige upya kilekile. Usikasirike. Wanataka kujua kama mafuta waliyopima kwenye ini yametoka asilimia 18 yakirudiwa yatatoka 18 tena au 23. Kipimo kinachoyumba hivyo hakiwezi kumwambia daktari kama dawa zinafanya kazi, kwa sababu hajui kilichobadilika ni ini au ni mashine. Kwa mgonjwa wa mafuta kwenye ini anayefuatiliwa miaka na miaka kama wewe, mi naona hilo zoezi la kushuka na kupanda lina thamani kuliko picha ya kwanza yenyewe.

Je, ningekuwa wewe ningekubali? Kama siku hiyo nina nguvu, kipimo changu kimekamilika, hakuna sindano ya ziada, na yule kijana amenijibu bila kukwepa, ningekubali. Kama nimechoka, au nimetoka kusikia habari mbaya kwa daktari saa ileile, ningesema sio leo, na mtafiti mwenye akili atakuelewa. Dakika 20 baada ya dakika 40 za kipimo chako sio kidogo, mgongo unauma, mikono inakufa ganzi. Omba mto chini ya magoti kabla hawajaanza.

Na ukiingia, usijitahidi. Huu ndo ushauri ninaotaka uushike. Wagonjwa wema wanajikaza, wanapumua kwa adabu kwa sababu wanataka kutusaidia, halafu sisi tunaondoka tukiamini sikwensi inaweza kumbe ni wao walioweza. Pumua unavyopumua. Ukikohoa, kohoa. Kabla hujalala mwambie yule kijana unaweza kubana pumzi sekunde ngapi, hata kama ni 6, na hakikisha ameandika.